Nani Aliinua Mkono Kwanza

Ain Sidra, karibu na Karak
20 Aprili 1974

Kwa baba yangu mpenzi, Shekhe Mutlak bin Freih,

Assalamu alaikum. Nakubusu mkono na kichwa, na mama umbusu kwa niaba yangu. Barua hii anaileta Abu Isa, yule Mkristo wa Karak mwenye lori la unga. Anasema yeye hana ugomvi na sisi Banu Ruweid wala na Banu Shamlan wa huku, ugomvi wake ni na barabara tu. Ukinijibu mpe yeye, usimpe mtu mwingine.

Tangu mlipopakia mahema sijajua kama mlifika salama. Nilisimama nyuma ya ukuta wa zizi nikayaona malori yakipanda kilima, mama amekaa juu ya magodoro. Sikupunga mkono. Usidhani ni moyo mgumu, baba. Nilikuwa kwenye ua wa marehemu, na watu walikuwa wakinitazama.

Hazzaa alizikwa siku ileile, alasiri. Mume wangu Sattam alikuwa mmoja wa walioshuka kaburini, maana ni binamu yake. Aliporudi alinawa mikono, akakaa, akaniuliza kama nimekula. Mama wa marehemu, Ummu Hazzaa, hakulia mbele ya watu. Aliagiza wageni wapewe maji, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Wazee wa huku walipotoa atwa, ule muhula wa kuzuia mikono, Rakan mdogo wake Hazzaa aliinuka akatoka barazani. Hakumpa mkono mtu yeyote.

Mdogo wangu Jadaan ana hali gani huko jela? Hapa hawamtaji jina. Wanamwita "yule".

Mimi sijambo. Wananitunza vizuri. Usiwe na wasiwasi nami.

Binti yako,
Nawfa


Azraq
9 Mei 1974

Binti yangu Nawfa,

Waalaikumu salamu. Barua imefika. Abu Isa kala kwetu, kalala, kaondoka na kifuko cha mtindi mkavu.

Tumefika salama. Shekhe Ghaleb ametupokea kama mtu anavyopaswa kupokewa. Tumepiga mahema karibu na yake, na ametangaza kwamba tuko katika uso wake. Anayetugusa sisi amemgusa yeye. Mama yako analalamika kwamba maji ya huku yana chumvi. Nimemwambia mwenye kuhamishwa hachagui kisima. Hajanijibu tangu jana.

Kuhama hakunisumbui. Ndiyo sheria yetu: wenye kuua huondoka, ili mama wa aliyeuawa asikutane nao kisimani. Nimewapa watu wengi hukumu hiyo. Sasa imenifikia, nami nimeitii.

Jadaan yuko jela ya serikali, kesi yake bado. Shauri lenyewe nimelieleza kwa wazee waliotuombea atwa. Vijana walikutana shambani, maneno yakazidi, kila mmoja akainua mkono, wa Jadaan ukawa mzito. Ndivyo yalivyo mambo ya vijana. Mtoto wa ndugu yangu, Ouda, anaandaa ujumbe mkubwa wa kuomba suluhu. Anataka magari mengi, mashekhe wa kusini na kaskazini, na mbunge mmoja. Ouda anapenda magari.

Kuwa mtulivu. Mtii mumeo. Usibishane na wanawake wa pale.

Baba yako,
Mutlak bin Freih


Ain Sidra
2 Juni 1974

Baba yangu,

Huku tumevuna. Mvua ilikuwa ya baraka mwaka huu na shayiri imefika kiunoni. Shamba la Hazzaa wamelivuna Sattam na nduguze, isipokuwa pembe moja. Pembe ile Ummu Hazzaa amekataa isiguswe. Mabua yake yamekatwa na meno, yamekanyagwa, na mavi ya kondoo wa Jadaan yamekaukia pale. Kila anayekwenda kisimani huiona.

Baba, mimi sikuwapo na wewe hukuwapo. Lakini kondoo hawaingii hatua zote zile mpaka katikati ya shamba kwa bahati mbaya. Kondoo anayepotea hula ukingoni. Nakuambia nilichokiona tu.

Rakan ameondoka. Aliwaambia watu anakwenda Zarka kutafuta kazi kiwandani. Mama yake alimfungia mikate, hakumuuliza kiwanda gani. Sattam alimfuata mpaka njia panda wakaongea, akarudi amekunja uso. Nilipomuuliza alisema, "Mtu mwenye kutafuta kazi hasafiri na koti zito mwezi wa sita."

Mimi sijambo kabisa. Wanawake hapa ni wema. Juzi tulipika samli pamoja, tukacheka sana. Mwambie mama asilie kwa ajili yangu.

Binti yako,
Nawfa


Azraq
25 Juni 1974

Binti yangu Nawfa,

Sote wazima. Mama yako amezoea maji, lakini usimwambie kwamba nimekuambia.

Tumepata mgeni. Ni kijana, anasema ni wa Madaba, mnunuzi wa kondoo, jina lake Salim. Alifika juzi mchana, kwa miguu, mavumbi mpaka kwenye kope. Ni mrefu, nyusi zake zimeungana, na hutafuna upande mmoja wa mdomo kama mwenye jino bovu. Ana koti la sufi ambalo halivui hata jua likiwa kichwani. Tumemchinjia. Hula kidogo. Kama ujuavyo, mgeni haulizwi habari zake mpaka siku tatu zipite, kwa hiyo tunazungumza habari za mvua na bei za kondoo. Bei za kondoo hazijui.

Sasa hivi yuko hapa, amekaa karibu nami, anaponda kahawa kwenye kinu. Nilimwomba anisaidie, maana bega langu limechoka. Anaponda vizuri.

Jana aliniambia jambo. Alisema huko kusini kuna mwanamke wa ukoo uliohamishwa, ameachwa peke yake kati ya watu waliofiwa. Alisema wanawake hawamjibu salamu. Akienda kisimani huwasubiri wote wamalize. Akioka mkate, hakuna anayeula. Aliyasema hayo akitazama chini, na sidhani kama yalikuwa yanampendeza.

Nawfa, mwanamke huyo ni nani?

Baba yako,
Mutlak bin Freih


Karak, dukani kwa Abu Isa
1 Julai 1974

Baba,

Naandika nimesimama. Sattam amenileta mjini mwenyewe kwa pikipiki ya rafiki yake, na Abu Isa ameahirisha mzigo wake wa Akaba ili akuletee barua hii.

Huyo si Salim wala si wa Madaba. Ni Rakan, ndugu yake Hazzaa. Nyusi ni zake, jino ni lake. Na koti lina kitu ndani. Sattam ana hakika.

Usiwe naye faraghani. Mwambie Shekhe Ghaleb. Lakini, baba, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, asiuawe. Mama yake hana mwingine aliyebaki.

Nawfa


Azraq
14 Julai 1974

Binti yangu,

Barua yako ilinikuta hai. Maliza kulia kisha uendelee kusoma.

Nilimjua tangu alipokaa. Marehemu baba yake alikaa vilevile, goti moja juu, kiwiko juu ya goti. Nimekunywa naye kahawa kabla kijana huyu hajazaliwa. Sikutaja jina lake kwenye barua kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Ya pili, barua zangu, isipokuwa hii, hupitia mkononi mwa Ouda kabla ya kumfikia Abu Isa, na Ouda ana kalamu nyepesi na bunduki nyepesi zaidi. Kama ningeandika "Rakan", mgeni wangu angeuawa hemani kwangu, na jina letu lingezikwa pamoja naye.

Siku tatu zilipokwisha nilimchukua asubuhi tukawatazame kondoo. Nilitembea mbele.

Tulipofika mbali na mahema nikamwambia, "Rakan mwanangu, sasa naruhusiwa kukuuliza. Umekuja kununua kondoo, au umekuja kwangu?"

Alisimama. "Umenijua lini?"

"Ulipoketi."

"Na ukasali mbele yangu umenipa mgongo."

"Ulikuwa mgeni wangu. Nimpe nani mgongo kama si mgeni wangu?"

Aliingiza mkono kotini, nami nikamwona anafikiri. Nitakuambia kweli, Nawfa, niliogopa. Nilimfikiria mama yako na maji yake ya chumvi. Kisha akautoa mkono mtupu, akakaa juu ya jiwe.

Akasema, "Damu ningeweza kungoja. Wazee wangezungumza, mimi ningenuna, mwisho ningekubali. Lakini mmemuua ndugu yangu kisha mmemfanya mgomvi. Kila baraza, walipigana. Kila msiba, walipigana. Mama yangu anasikia hivyo mpaka sokoni. Hazzaa alikuwa akimwogopa hata jogoo wetu. Nani aliyesema aliinua mkono?"

"Mimi nilisema kila mmoja aliinua."

"Ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi ulikuwa shahidi wa nini?"

Tangu nilipotoka jeshi la mpakani nimekaa kwenye mabaraza ya watu, nimeulizwa maswali na mawakili na mawaziri. Hakuna aliyenifunga mdomo kama huyo kijana. Nilimwambia, "Nipe muda nikaulize." Akasema, "Muda wako unatoka kwenye mfuko wa mama yangu." Lakini alikubali.

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka barabara ya lami, kwa sababu Ouda alikuwa ameshaanza kunusa. Tulingoja basi pamoja.

Bado hujajibu swali langu la barua iliyopita.

Baba yako,
Mutlak


Ain Sidra
11 Agosti 1974

Baba yangu,

Mwanamke huyo ni mimi. Hakuna samli niliyopika na mtu. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa na mizigo ya kutosha, na kwa sababu uliniambia niwe mtulivu.

Hawajanipiga wala kunitukana. Wananipita tu. Mwanzoni nilikuwa naongea na kuku. Kuna wakati wajomba wa Sattam walikuja kumwambia anirudishe kwetu, eti nuksi haifugwi. Alikuwa anatengeneza pampu, hakuinua kichwa. Aliwaambia, "Mke wangu hakupeleka kondoo kwenye shayiri ya mtu. Anayetaka kumfukuza anifukuze na mimi, nipo hapa nafunga skrubu." Waliondoka. Baba, uliponioza kwa Banu Shamlan nilinung'unika wiki nzima. Nimeacha kunung'unika.

Rakan amerudi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, nami nilikuwa uani nafua, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia, "Mama, nilikwenda kumuua Mutlak, nimekula chumvi yake." Alimwambia yote, hata habari ya kinu. Ummu Hazzaa akauliza, "Amesema atauliza?" Akajibu, "Amesema." Basi yakaishia hapo.

Lakini jana Ummu Hazzaa alimwita Sattam akampa maneno ya kukufikishia. Nayaandika kama Sattam alivyoyaleta:

"Mwambie Mutlak sitaki magari. Mbunge akija nitamfungia mlango. Habari ya diya, fidia ya damu, mtazungumza wanaume, mimi siiulizi. Ninachotaka ni kitu kimoja. Asimame kwenye baraza letu, mbele ya Banu Shamlan na Banu Ruweid, aseme ni nani aliyeinua mkono kwanza. Akisema kweli, nitasikiliza habari ya suluhu. Akisema 'walipigana', arudi Azraq akafie huko."

Muhula wa atwa unakwisha wakati wa kupanda.

Binti yako,
Nawfa


Azraq
19 Septemba 1974

Nawfa mwanangu,

Nimetoka jela kumwona mdogo wako. Barua hii haipiti kwa Ouda. Nimempa Abu Isa mkononi.

Jadaan amekonda. Nilimpelekea tumbaku na tende. Nilimwambia, "Nieleze siku ile, na usinieleze kama shekhe, nieleze kama baba yako." Alianza hadithi ya walipigana. Nikamwacha amalize. Nikamwambia, "Sasa nieleze tena." Alishindwa.

Ilikuwa hivi. Aliwaingiza kondoo shambani makusudi, kwa sababu wiki ile Hazzaa alimkatalia njia ya kupitisha kundi. Hazzaa alikuja mikono mitupu. Alimwambia, "Ndugu yangu, watoe kondoo wako." Jadaan akamtukania mama. Hazzaa hakujibu. Aligeuka, akainama, akamshika kondoo mmoja ili amtoe. Hapo ndipo Jadaan alipompiga na fimbo, kwa nyuma, kichwani.

Kwa nyuma, Nawfa. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika fimbo ile.

Nimewaita watu wetu nikawaambia. Ingekuwa afadhali ningemwaga makaa hemani. Ouda alisema, "Ami, ukilisema hilo barazani, hakimu wa serikali atalisikia kabla kahawa haijapoa. Unamwongezea mwanao miaka kwa ulimi wako." Wengine walisema kazi ya shekhe ni kuwafunika watu wake. Mmoja akasema afadhali shekhe mwongo aliye wetu kuliko mkweli aliye wa wengine. Walicheka, lakini hakikuwa kicheko.

Na Ouda hakukosea juu ya hakimu. Ndilo linalonitafuna. Lingekuwa la heshima yangu tu ningelisema kesho. Ni miaka ya mwanangu.

Mama yako hajui. Ananiuliza kwa nini silali.

Baba yako


Ain Sidra
3 Oktoba 1974

Baba yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kisha nikaichoma, kwa usalama wa wote.

Sitakuambia la kufanya. Mimi ni dada yake. Nilimbeba mgongoni alipokuwa hawezi kutembea, na nikifunga macho bado nausikia uzito wake.

Nakuambia ninachokijua tu. Jadaan angeweza kuishikilia hadithi yake. Alikwambia kwa sababu hawezi kuibeba peke yake. Ukinyamaza, mtaibeba wawili, na mimi wa tatu. Mimi ndiye nitakayekutana na Ummu Hazzaa kila asubuhi kisimani nikijua anachokitafuta, nikiwa ninacho, bila kumpa.

Watu wetu wanasema kazi ya shekhe ni kufunika. Nikiwa mtoto nilikaa nyuma ya pazia nikikusikiliza ukihukumu. Watu walitoka mbali kuja kwako, wengine maadui zetu. Hawakuja ili wafunikwe.

Sattam anakusalimu. Anasema, ukija au usipokuja, mimi ni mkewe.

Nawfa


Azraq
16 Novemba 1974

Nawfa mwanangu,

Tulionana majuzi lakini hatukuzungumza, maana nilikuwa upande wa wanaume nawe upande wa wanawake. Nakuandikia yaliyotokea upande wangu wa pazia. Wewe uniandikie yaliyotokea upande wako.

Nilikuja na Shekhe Ghaleb na wazee wachache waliokubali. Ouda na wengi wa Banu Ruweid walikaa nyumbani. Barabara nzima Ghaleb alikuwa akinisimulia habari za ngamia wake mgonjwa ili nisifikiri. Ni mtu mwema.

Baba mkwe wako, Shekhe Hamdan, alitupokea na kutuketisha. Kahawa ikaja. Niliweka kikombe chini bila kukionja, kama inavyompasa mwenye haja. Hamdan akasema, "Haja yako?" Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno, mazuri, yenye mizani. Nilipomwona Rakan ameketi karibu na nguzo, yote yakanitoka.

Nikasema, "Mimi Mutlak bin Freih nilisema Hazzaa aliinua mkono. Nilisema jambo nisilolijua. Hazzaa hakuinua mkono. Alikuwa kwenye haki yake, kwenye shamba lake, ameinama, na mwanangu alimpiga kwa nyuma. Kondoo walikuwa wetu na dhambi ni yetu. Hazzaa alikuwa mtu wa amani. Atakayesema vinginevyo, hata awe wa ukoo wangu, mimi ni shahidi dhidi yake."

Kikombe changu kilipoa. Wale wachache wa kwetu walikuwa wanatazama mkeka. Nilidhani Hamdan atasema, mambo yamekwisha, ondokeni. Kisha pazia likasogea kidogo, mtoto wa Hamdan akaitwa, akarudi akamnong'oneza baba yake. Hamdan akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Masharti umeyasikia. Sisi turudi Ain Sidra. Jadaan amalize miaka atakayohukumiwa, na akitoka asikanyage bonde lile maadamu Ummu Hazzaa yu hai, ila akiitwa na yeye mwenyewe. Ni haki. Shekhe Ghaleb ameingia mdhamini wa upande wetu, na kwa upande wao ni mumeo. Hilo hukulitegemea, wala mimi.

Rakan ndiye aliyekichukua kikombe kilichopoa, akakimwaga nje, akanimiminia kingine. Tulikishika wote wawili, tukakaribia kukiangusha.

Sasa habari mbili. Banu Ruweid wamemchagua Ouda kuwa shekhe. Walikuja kuniambia kwa adabu, nikawapikia. Nimempa nafasi ya mbele hemani. Atajifunza, au hatajifunza. Jana asubuhi walikuja watu wawili wa kabila jingine, sijawahi kuwaona, wana shauri la kisima. Niliwaambia mimi si shekhe tena. Mmoja akasema, "Tunajua. Tumekuja kwa Mutlak."

Ya pili ni ya Jadaan. Nilikwenda kumwambia nilichofanya, nikiwa tayari anitemee mate. Alipokea tende nilizompelekea. Akasema, "Nilimwita hakimu wiki iliyopita, baba. Nimeshamwambia mwenyewe." Alikuwa ametangulia. Hukumu bado. Lakini alikula tende zote mbele yangu, na aliniuliza habari zako.

Mama yako ameshafunga magodoro, ingawa hatujajua siku.

Baba yako,
Mutlak


Ain Sidra
22 Novemba 1974

Baba yangu,

Huu ni upande wangu wa pazia.

Tulijaa, nami niliketi mwisho, karibu na mlango, mahali pangu pa kawaida. Uliposema "kwa nyuma", mwanamke mmoja alianza kupiga yowe. Ummu Hazzaa alimshika goti. "Nyamaza, nataka kusikia yote." Akasikia yote, macho yamefumbwa. Ulipomaliza alinigeukia mimi, mbele ya wote, akauliza, "Huyo ndiye Mutlak?"

Nikasema, "Ndiye, mama."

"Sauti yake imezeeka."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu masika. Kisha akamwita yule mtoto, akamtuma kwa Hamdan aseme, "Nimesikia. Malizeni." Akainuka akaenda chumba cha nyuma, na huko akalia. Alilia kwa sauti, baba, kilio cha miezi yote ile. Wanawake walitazamana. Walikuwa wamezoea kumheshimu mpaka hawakuthubutu kwenda. Mimi sikujua kama miguu yangu ina ruhusa. Nilikwenda.

Alisema, "Kaa. Usinishike. Kaa tu."

Nilikaa. Huko mbele tuliwasikia wanaume wakitaja masharti na wadhamini. Yeye alinieleza habari za Hazzaa. Kwamba hakupenda vitunguu. Kwamba alikuwa akiwaogopa majogoo tangu utoto, na hilo lilikuwa siri ya nyumba. Kwamba yeye mama alikuwa ameshamtazamia mchumba. Mwishowe akasema, "Nimechoka kukuona ukisubiri kisimani. Unanichosha. Njoo saa tunayokuja sote."

Kesho yake nilikwenda. Hakuna aliyesema jambo kubwa. Mmoja alinisogezea ndoo kwa mguu, akasema pampu aliyoitengeneza Sattam inavuja. Nikamwambia mwenyewe anajisifu kwamba haivuji. Wakacheka. Safari hii sikudanganyi.

Mvua ya kwanza imenyesha na watu wanapanda. Leo asubuhi Ummu Hazzaa alikuja mlangoni kwangu, hakuingia, akasema, "Andika kwa baba yako." Nikachukua kalamu mbele yake. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Waje kabla ardhi haijakauka, wapate kupanda. Waje mchana. Wapite barabara kubwa, wasizunguke nyuma ya kilima kama wezi. Wapite mbele ya mlango wangu, wanawake juu ya magodoro kama walivyoondoka. Mimi nitakuwa nimekaa nje. Pengine siku hiyo sitawasalimu, sijui, moyo si wangu peke yangu. Lakini nitakuwa nimekaa nje."

Njooni mchana, baba.

Binti yako,
Nawfa